Neti ya usubi: kuifunga bila kuacha mwanya

Karibuni. Leo nimetandika kitanda hapa kibandani Gikomba, maana likizo ikikaribia wateja wanaosafiri kwenda Marigat, Lodwar ama Wajir huniuliza swali lile lile: neti ya mbu inazuia usubi, yule mdudu mdogo anayeeneza kala-azar, ugonjwa wa homa ndefu na kuvimba tumbo?

Nasogeza kamera. Hii ni neti ya kawaida, matundu kama 156 kwa inchi moja ya mraba. Mbu hapiti. Lakini usubi ana urefu wa milimita 2 au 3 tu, tena mwembamba, anajipenyeza. Kwa hiyo ukichukua hii, iwe imetiwa dawa, akitua kwenye uzi akutane nayo. Hii nyingine ina matundu madogo zaidi. Inamzuia hata bila dawa, ila hewa inapungua, na joto la Lodwar mnalijua. Mimi huchagua ya dawa, ya mstatili. Ya duara inateremka na kugusa miguu ya mtu mrefu.

Ukiitoa kwenye paketi, ianike kivulini saa 24. Kivulini, jua hupunguza nguvu ya dawa. Kamba nne, misumari minne, hapo naruka.

Sasa tulieni: kuchomekea. Anza upande wa ukuta. Inua godoro, ingiza neti mpaka kiganja chote kipotee chini. Halafu kona… aah, stima imepotea. Dada, nimulikie na simu. Hapo hapo, asante. Kona ya ukutani, jamani! Hapo ndipo watu huacha mwanya kwa sababu mkono haufiki vizuri. Vuta kitanda kwanza. Shika ncha, ikunje kama bahasha, kisha isukume chini. Pitisha kidole: kikiingia, usubi naye ataingia, na hutamsikia, hana mlio kama mbu. Rudia kona. Ukilalia mkeka, chomekea chini ya mkeka vivyo hivyo.

Mkono usiegemee neti usiku, mdudu huuma akiwa nje. Mtoto anayegaagaa alale katikati.

Usubi huuma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, kwa hiyo watoto waingie ndani mapema. Kule Baringo mchana hujificha kwenye vichuguu. Msipigie gumzo la jioni juu ya kichuguu, tafadhali.

Ukisharudi Nairobi, hata baada ya miezi kadhaa, ukipata homa inayopita wiki mbili, unakonda, tumbo linavimba upande wa kushoto chini ya mbavu, mwambie daktari ulikokuwa kabla hajakuuliza. Homa hapa mjini hudhaniwa malaria ama taifodi, na kala-azar isipotibiwa huua. Ikitambuliwa mapema, inatibika.

Ninazo za futi nne kwa sita na tano kwa sita. Kabla hujanunua, pigia watu wa nyumbani simu wakupimie kitanda; neti fupi haifiki chini ya godoro.