Kipande Kinachosafiri Peke Yake: Kupeleka Utafiti kwa Watu kwa Njia ya Simu

Ndugu watafiti, wanafunzi wa shahada za juu na maafisa ugani mliofika hapa Mbeya leo: wakubwa, shikamooni, na wengine, habari za asubuhi.

Tuanze na kizibo cha soda. Wakulima wengi wa mahindi wanakitumia kupimia mbolea ya kupandia, na kizibo kimoja kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 5. Sasa tazameni ujumbe huu: "Weka kizibo kimoja cha mbolea kwa kila shimo." Je, ni sahihi? Anayepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ana mashimo kama 9,000 kwenye ekari. Kizibo kwa shimo kinampa kilo 45, chini kidogo ya mfuko mmoja wa kilo 50. Jirani yake anapanda 75 kwa 30, mbegu mojamoja. Huyo ana mashimo karibu 18,000. Akifuata ujumbe uleule atafukia kilo 90. Karibu mfuko mzima wa pili umetoka kwenye fedha za ada ya mtoto, kwa sababu aliyeandika aliacha nje nafasi ya kupanda.

Aliyeandika hakudanganya. Kwenye ripoti yake nafasi imeandikwa vizuri kabisa, katika sehemu ya mbinu. Tatizo ni kwamba kwenye simu sehemu ya mbinu haiendi. Picha inatumwa kundini, mtu anaichukua anaipeleka kundi la ukoo, huko mwingine anaipeleka kundi la kanisa, na maelezo uliyoandika chini ya picha yamebaki nyuma. Kinachosafiri ni kipande kimoja: picha moja, sauti moja, video moja. Kwa hiyo masharti ya matokeo yako, yaani mahali, msimu, kipimo na anayehusika, lazima yakae ndani ya kipande hichohicho. Hili ndilo lililonileta hapa, na yote yanayofuata yanatoka humo.

Kipimo ndicho kinachoharibu zaidi. Majarida yanataka tani kwa hekta. Mkulima wetu anasema "heka", na anamaanisha ekari. Hekta moja ni ekari 2.47. Ukiandika "mavuno yalifika tani 5 kwa hekta", msomaji anayesoma hekta kama heka yake atategemea magunia 50 ya kilo mia mia kwenye ekari moja, wakati ukweli ni magunia kama 20. Ataona umemdanganya, na ujumbe wako unaofuata hatausikiliza. Geuza wewe mwenyewe kabla ya kutuma, na useme gunia ni la kilo 100. Ukisema "gunia" tu, yuko atakayefikiria lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi.

Wa afya nao wana mtego wao. "Hatari imeongezeka mara mbili" inaweza kumaanisha kutoka mtu 1 kati ya 1,000 hadi watu 2 kati ya 1,000. Andika hizo namba mbili kamili, na msingi uwe uleule: usiseme 1 kati ya 1,000 halafu 1 kati ya 500, kwa sababu wengi wataona namba ndogo wadhani hatari imepungua.

Mahali nako kuna kazi. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Usangu kule Mbarali ni kiasi cha mita 1,000 na ushee. Yote ni mkoa wa Mbeya, lakini mbegu iliyofanya vizuri kwenye baridi ya Uyole haina deni la kufanya vizuri Usangu. Ukiandika "imefanya vizuri Mbeya" umesema neno ambalo majaribio yako hayakulithibitisha. Andika kijiji au kituo, mwinuko, na mwaka. Kama ni msimu mmoja tu, andika "msimu mmoja", kwa herufi za ukubwa uleule na za matokeo. Herufi ndogo pembeni hazifai, maana WhatsApp hubana picha, na maandishi madogo hugeuka ukungu kwenye simu ya bei nafuu.

Basi picha itengenezwe hivi. Maneno yasizidi 30 hivi. Juu, jambo la kufanya. Katikati, picha yenyewe. Chini, mahali, mwaka, jina la taasisi na namba ya toleo. Picha ya mdudu iwe na kitu cha kulinganisha ukubwa, sarafu inatosha. Kwa kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, picha ya jani lililotobolewa haitoshi, kwa sababu hata funza wa mabua hutoboa. Onyesha kichwa chenye alama ya Y iliyopinduliwa, kisha madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Bila alama hizo mtu atanunua dawa akapulizie mdudu mwingine.

Ujumbe wa sauti watafiti wengi wanaudharau, nami naona ndicho chombo bora tulichonacho. Dakika moja ya sauti haifiki hata MB moja, kwa hiyo bando dogo linaitosha, na asiyesoma vizuri anasikia. Usizidishe sekunde 90. Jina lako, taasisi na tarehe viwe mwanzoni, maana wengi hawafiki mwisho. Kama una mwenzako anayesema Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena vizuri, rekodini na kwa lugha hiyo. Ila namba zitajwe kwa Kiswahili pia ili zisipotee. Video ichukuliwe simu ikiwa wima, na maneno yaandikwe juu yake, kwa kuwa wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Kabla ya kutuma, jaribu kwa watu watatu wasio wa fani yako. Usiwaulize "mmeelewa?" Kwa heshima zetu hapa kila mtu atajibu ndiyo. Mwambie: "Mama, kesho ukienda shambani utafanyaje?" Akijibu tofauti na ulichokusudia, kosa liko kwenye kipande chako. Kirekebishe, umtafute mwingine ambaye hajakiona.

Kisha wakati. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Habari ya mbegu ikitoka Februari kwa sababu jarida limechapisha Februari, mkulima ameshapanda. Itunze, uirudishe Septemba na Oktoba, kabla watu hawajaenda duka la pembejeo.

Kuna vya kutopeleka kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sura ya mgonjwa na sauti ya mshiriki. Kukubali kuhojiwa si kukubali kuonekana TikTok, hivyo fomu ya ridhaa iseme mitandao waziwazi. Makala ya kulipia, ambayo jarida linashikilia hakimiliki yake, usitupe faili lake kundini. Tuma muhtasari kwa maneno yako na kiungo. Na wanaofanya kazi Kitulo, hifadhi yetu ya maua, nawasihi sana: viazi vya okidi vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Picha ya ua zuri yenye jina la bonde ni ramani kwa mchimbaji. WhatsApp huondoa taarifa za mahali picha ikitumwa kama picha, lakini ukiituma kama faili zinabaki. Zizime kwenye kamera kabla hujapanda mlima, na kwenye maelezo uishie kusema "Kitulo".

Na ukikosea? WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili na zaidi kidogo. Lakini nakala zilizokwisha kusambazwa hazifutiki. Kwa hiyo kufuta kimya kimya kunamsaidia mtafiti tu, asionekane amekosea. Mkulima aliyehifadhi picha bado anayo. Tengeneza picha nyingine yenye sura ileile, rangi ileile, na juu uandike SAHIHISHO, tarehe, na "toleo la 2". Namba ya zamani ikatwe kwa mstari lakini isomeke, ya sasa iwe kando yake: kizibo kimoja kwa shimo kama nafasi ni 75 kwa 60; nusu kizibo kama nafasi ni 75 kwa 30. Ipeleke katika makundi yaleyale uliyoanzia, umwombe kila aliyesambaza ya kwanza aisambaze na hii, kisha ukae karibu na simu siku mbili zinazofuata, kwa kuwa maswali yatakuja usiku watu wakishatoka shamba.