Karatasi Hutangulia Mwiko
(Mazungumzo na mafundi ujenzi, Mwanga, Kigoma)

Wazee, shikamooni. Mafundi, poleni na jua. Sitawachosha, naona wengine mmeacha ndoo za mwiko hapo mlangoni.

Miaka niliyokuwa foromani, wasifu wa kazi, hiyo mnayoiita CV, nilikuwa nausoma nimesimama. Mkono mmoja una karatasi, mwingine unaonyesha pa kumwaga kokoto. Sasa ukianza na "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma", umeshanipoteza. Hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba yeye ni mvivu.

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea kurasa nne. Dini, kabila, shule ya msingi, mchezo anaoupenda. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, ndipo nikakuta: "nimefanya kazi za ujenzi." Nikampita. Baadaye nikamkuta saiti ya mtu mwingine anasuka nondo za bimu, ringi, vile vyuma vya kukunja vinavyozifunga nondo, zimepangana kama meno ya kitana. Kumbe ana miaka sita kwenye nondo tu! Kosa nusu langu, nusu la karatasi yake.

Tukakaa juu ya tofali, tukaiandika upya, ukurasa mmoja. Juu: "Fundi nondo, miaka 6. Nasoma michoro." Chini yake kazi yenyewe: "Nyumba ya ghorofa moja, Gungu. Kolamu 18, nondo za milimita 16, ringi za milimita 8 kila sentimita 15. Tulikuwa watatu, kukata na kukunja nilifanya mimi." Anayeijua kazi akifika hapo hana la kuuliza zaidi ya "unaanza lini?"

Wa lipu ataje mita za mraba. Wa umeme aseme nyumba ilikuwa ya vyumba vingapi, njia moja ya umeme au tatu. Mchomeleaji aseme amechomea nini, geti au kenchi za chuma, maana si kitu kimoja.

Halafu kuna saiti kubwa. Reli ya kisasa kutoka Tabora kuja hapa ni kilomita 506, na kwenye mradi wa namna hiyo karatasi yako inapita ofisini kabla ya kunifikia mtu kama mimi. Karani wa ofisini hajui ringi. Anatafuta neno lililo kwenye tangazo. Wakitaka "fundi zege", andika fundi zege, hata kama mtaani wanakuita mtaalamu wa jamvi.

Cheti kiandike kama kilivyo, daraja lake na mwaka wake. Uliyejifunzia kazini, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima unavyofanya kazi, ukifaulu unapewa cheti. Cha kuazima usikitaje. Siku utakayopewa timazi ukuta utakusema.

Na wadhamini, jamani! Nimewahi kupiga namba mbili za fundi bomba mmoja. Ya kwanza haipatikani. Ya pili kapokea mzee, akaniuliza, "Huyo ni nani?" Mpigie mdhamini wako kwanza, umkumbushe ni ile nyumba ya mabati mekundu uliyomwekea tangi.

Haya. Nani kaja na karatasi yake? Wewe wa shati la kijani, mbona unaikunja? Ilete hapa mbele tuisome.