Kugeuza Mawe Kuwa Wadudu: Mhadhara kwa Walimu na Walezi

Ndugu walimu, wazazi na walezi, karibuni. Msimamo wangu ni huu: watoto hawaharibu kazi hii ya kupaka mawe rangi yafanane na wadudu kwa kuchora vibaya. Huiharibu kwa kutosubiri, na hilo ni jukumu letu sisi wakubwa kulipanga mapema.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana rangi nzuri haiokoi jiwe baya. Tafuta jiwe laini lililosuguliwa na maji, lenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, linalokaa vizuri kwenye kiganja cha mtoto. Lipapase. Likiacha unga kidoleni au likimeguka vipande, liache, kwa sababu rangi itabanduka pamoja na huo unga. Kama kuna watoto walio chini ya miaka 3, jiwe lolote linaloweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni lisionekane mezani, kwani linaweza kumkaba koo. Macho ya plastiki ya kubandika nayo yaondoeni; hung'oka upesi, na huishia mdomoni.

Mawe yasuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, yasuuzwe, kisha yaachwe yakauke siku nzima. Yaliyotoka baharini yalowekwe kwanza usiku kucha kwenye maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki ndani hupanda juu jiwe linapokauka, ikaisukuma rangi mpaka itoke. Na mtu asiyakaushe motoni kwa haraka: maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Sasa mdudu. Usimwambie mtoto "chora kipepeo" kabla hajaligeuzageuza jiwe mkononi. Jiwe ndilo linalochagua. La mviringo lenye mgongo ni mdudu-kibibi, yule mwekundu wa madoa meusi. Lenye umbo la yai ni nyuki au mbawakawa. Bapa na pana ni kipepeo aliyekunjua mabawa. Vijiwe vitano au sita vikipangwa mstari ni kiwavi. Mbu msahauni; miguu ile haina pa kukaa.

Tumchukue mdudu-kibibi mwenye madoa saba, kwa sababu ndiye anayeonekana rahisi na ndiye anayekosewa zaidi. Kwa penseli, mtoto apige mstari wa kukata jiwe kwa upana, akiacha kama robo upande wa mbele. Robo hiyo ni nyeusi: ni kichwa pamoja na ngao ndogo iliyo nyuma ya kichwa. Sehemu iliyobaki ni mabawa magumu mawili, yanayogawanywa na mstari mwembamba kutoka kwenye ngao hadi mwisho wa mgongo. Madoa ni matatu kila upande, na la saba hukaa juu ya mstari wenyewe, nyuma tu ya ngao, nusu huku, nusu kule. Watoto wakilijua hilo, hulitafuta kwa kila mdudu wanayemkuta bustanini. Mabaka meupe ya pembeni mwa ngao si macho, ingawa karibu kila mtoto huyafanya macho. Macho yenyewe ni meusi na yako kichwani.

Miguu nayo: ni sita, na yote hutoka kifuani, si tumboni. Kwa mdudu huyu sehemu kubwa ya kifua imefichwa chini ya mabawa, kwa hiyo ichoreni ubavuni, mitatu kila upande, katika nusu ya mbele ya jiwe. Miguu ya waya ya kugundisha haifai; hukatika na kuchoma vidole.

Rangi ya kutumia ni akriliki isiyo na sumu. Rangi za maji za shuleni hazishiki jiwe. Tone moja la mvua, basi. Lakini akriliki ikikauka kwenye nguo haitoki, kwa hiyo watoto wavae mashati makuukuu. Anzeni na tabaka jembamba la rangi nyeupe. Nyekundu na njano hupitisha mwanga, na zikipakwa moja kwa moja kwenye jiwe la kijivu hufifia zikafanana na tope. Baada ya nyeupe, tabaka mbili nyembamba za nyekundu. Kila tabaka lipewe dakika 15 hadi 20, na zaidi kukiwa na unyevu hewani.

Tabaka nene ndilo adui. Juu hufanya ngozi, chini bado bichi, na brashi inayofuata huichana ngozi hiyo. Gusa kwa nyuma ya kidole: jiwe likiwa na ubaridi pale penye rangi kuliko pasipo na rangi, maji bado yanatoka. Subiri.

Ndiyo maana kila mtoto apewe mawe mawili, afanye kazi na moja huku lingine likikauka. Kila jiwe likalie kizibo cha chupa: litazungushwa bila kushikwa, na halitagandamana na karatasi ya mezani.

Madoa yasichorwe kwa manyoya ya brashi. Tumia ncha ya mpini wake, ukichovya upya kwa kila doa. Usipochovya, kila doa litakuwa dogo kuliko lililotangulia.

Mwisho ni vanishi ya maji, tabaka mbili nyembamba, baada ya saa 24. Mistari ikiwa imechorwa kwa kalamu ya wino, ijaribuni kwanza kwenye jiwe bovu, maana wino mwingine huyeyuka na kusambaa brashi ya vanishi ikipita. Vanishi ya kupuliza ni kazi ya mtu mzima, nje, watoto wakiwa mbali.

Nimeulizwa hapa kuhusu buibui. Yeye ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, wala hana vipapasio, zile pembe mbili nyembamba za kichwani mwa wadudu, kwa hiyo anahitaji mawe mawili: kubwa la tumbo, dogo la mbele. Yagundisheni kabla ya kupaka rangi, kwa sababu gundi iliyowekwa juu ya rangi huishika rangi tu, na rangi hiyo hubanduka. Miguu yote minane ichorwe kwenye lile jiwe dogo.