Siri Aliyopewa Mtu wa Mwanza

Ndugu zangu, wapo hapa walionisikia nikilisema hili hadi wakachoka. Watavumilia. Kila nikialikwa kuzungumzia wanawake na simu, lazima asimame mtu alalamike kwamba wanawake wa siku hizi wanamwaga siri zao mtandaoni. Hakuna anayeuliza huko nyumbani zilikosa nani wa kuzipokea.

Mchukueni mzazi aliye ndani ya arobaini, tuseme Tanga. Nyumba haikauki watu. Asubuhi anakandwa maji ya moto, mchana anapewa uji wa pilipili manga, jioni wanaingia wenye kanga na sabuni za mtoto. Kila mmoja hongera, kisha: kafanana na nani? Basi mtu huyo, na watu wote hao, saa nane za usiku anafungua kundi la WhatsApp la wazazi wapya anaandika: "Mtoto akilia natamani nitoke nisirudi." Anamwandikia mwanamke wa Mwanza asiyemjua hata sura. Na yule wa Mwanza yu macho, ananyonyesha, anajibu: "Hata mimi yalinikuta. Nilimwambia nesi kliniki, nikasaidiwa. Kesho nenda."

Mtasema, si angemwambia mama mkwe? Haya, mwambieni nyinyi! Kabla ya adhuhuri wifi anajua, na ikifika Ijumaa mtaa mzima unasema hampendi mwanawe, au karogwa. Sonona baada ya kujifungua, ile huzuni nzito isiyomwachia mzazi, ni ugonjwa, na unatibika. Lakini nani kati ya wale walioleta kanga angeuita ugonjwa?

Mwingine ananiambia huyo wa Mwanza si rafiki, ni maandishi tu. Nakubali nusu. Hawezi kumpokea mtoto ili mzazi apate usingizi wa saa mbili. Mama mkwe anaweza, na anampokea, Mungu ambariki. Ndiyo hali yenyewe: mzazi ana wa kumpa mtoto na ana wa kumpa neno, na si mtu mmoja. Mnaokwenda kumtazama mzazi wiki hii, muulizeni na yeye analalaje. Akijibu, msimpigie wifi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Ujumbe wa WhatsApp husimbwa tangu 2016, yaani hugeuzwa fumbo, anayeudaka njiani hawezi kuusoma. Mkajiona mko salama. Usimbaji haumzuii mwenzako wa humo humo kundini kupiga skrinishoti. Tena kundi moja sasa linabeba watu 1,024. Huo ni mkutano wa hadhara, bibi, hao si mashoga zako! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Tanzania tunayo tangu 2022, nilitaka tuisome pamoja, muda umeniishia. Picha za watoto kwenye status tutagombana kwenye maswali. Dada uliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja mama mkwe, anza wewe.