Kopo la Nanasi Lisilofunguka

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Salumu, leo tuliahidi kueleza mambo matatu ya kuzingatia unapomchagulia rafiki riwaya ya kuchekesha, lakini niruhusu kwanza nisimulie lililonipata Jumanne. Nilikuwa katika ukumbi wa kusubiri, watu wote wametulia kimya, nami ninasoma ile sura ya kopo la nanasi katika Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome. Niliziba mdomo kwa mkono, haikusaidia. Nikaangua kicheko mpaka machozi yakanitoka, na mzee aliyeketi kando yangu akaniomba nimsomee kwa sauti.

SALUMU: Kopo hilo tena, dada Rehema! Wasikilizaji wamekwisha kulizoea. Ulimsomea?

REHEMA: Nilimsomea yote. Wanaume watatu wako mtoni, nanasi la kopo wanalo, ila opena hawana. Harris anatumia kisu cha mfukoni, kisu kinavunjika naye anajikata vibaya. George anashika mkasi, unamruka na nusura umtoboe jicho. Msimulizi anachukua upondo wenye ncha, unateleza na kumtumbukiza kwenye maji ya tope, huku kopo likibiringika salama na kuvunja kikombe cha chai.

SALUMU: Na mlingoti, tafadhali. Usiuruke mlingoti.

REHEMA: Siuruki. Wanalipeleka ukingoni, George analishika, Harris analiwekea jiwe lenye ncha kali juu yake, na msimulizi anauinua mlingoti wa mashua na kuushusha kwa nguvu zake zote. Kofia ya George ndiyo iliyomwokoa. Wanalipondaponda hadi linapata kila umbo linalojulikana katika jometri, lakini tundu halipatikani. Mwishowe sehemu iliyobonyea inaonekana kama mdomo unaowacheka, ndipo Harris analinyakua na kulitupa katikati ya mto.

SALUMU: Ninachomheshimia Jerome ni uvumilivu wake, kwa kuwa mwandishi mwingine angelifungua kopo mapema na kuendelea na safari. Kitabu kilitoka mwaka 1889, naye alikusudia kwanza kuandika habari za Mto Thames na historia yake, lakini vichekesho vikamzidi nguvu.

REHEMA: Nami ninakipenda kicheko hicho kwa sababu mateso yao wamejitakia wenyewe. Katika Don Quixote, riwaya ya Cervantes, sipati raha hiyo.

SALUMU: Hapo ndipo tunapoachana. Katika sehemu ya kwanza, ya mwaka 1605, Sancho, mtumishi wa Don Quixote, anarushwa hewani kwa blanketi uani mwa nyumba ya wageni, na bwana wake, aliyeondoka bila kulipa, anachungulia juu ya ukuta akiwa ameumia mno asiweze hata kushuka farasi. Cervantes anasema Sancho alipanda na kushuka kwa madaha kiasi kwamba Don Quixote, lau hasira isingemzuia, angecheka. Mimi hucheka hapo kwa sauti, na papo hapo ninamwonea Sancho huruma.

REHEMA: Deni la malazi halimstahilishi mtu kurushwa hivyo na kundi zima, halafu mwandishi anialike nijiunge nalo.

SALUMU: Hakualiki kundini. Anakuweka ukutani pamoja na Don Quixote, uone na usiweze kusaidia.

REHEMA: Kuniweka ukutani ni kunifanya mtazamaji wa uonevu. Kwa Jerome kila mmoja ana zamu yake ya kuumia.

SALUMU: Ukishika kipimo hicho, utazikosa riwaya nyingi nzuri. Katika Catch-22 ya Joseph Heller, ya mwaka 1961, mwanajeshi wa ndege za vita akiomba kuondolewa kwa sababu ya wazimu, ombi lenyewe linathibitisha kwamba ana akili timamu, kwa hiyo lazima aendelee kuruka. Je, naye amejitakia?

REHEMA: Pale ninacheka, kwa sababu kinachochekwa ni kanuni, wala si yule anayeteswa nayo.

SALUMU: Kanuni bila mtu anayetetemeka mbele yake haichekeshi hata kidogo.

REHEMA: Sikubali.

SALUMU: Nami sirudi nyuma. Muda wetu umekwisha, na yale mambo matatu ya kuzingatia tuliyowaahidi hatujaligusa hata moja.

REHEMA: Mwandishi P. G. Wodehouse na Jeeves, yule mtumishi wa hadithi zake, nao watangoja wiki ijayo. Kopo mtalikuta katika sura ya 12.

SALUMU: Na blanketi la Sancho liko sura ya 17 ya sehemu ya kwanza. Zisomeni zote mbili, kisha mtuandikie.