Mashahidi Wapita Njia

Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe kwa wanaosalimiana hivyo. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana hawachoki kuliuliza: tukiweka pembeni Biblia na Kurani, je, yupo mtu mwingine wa zama zile aliyeandika kwamba Yesu, Yohana Mbatizaji na Mtume Muhammad (S.A.W.) walikuwepo? Wapo walioandika. Lakini maandishi hayalingani uzito, na mara nyingi lile tunalolikimbilia kwanza ndilo jepesi kuliko yote.

Tuanze na Josephus. Myahudi wa ukoo wa kikuhani, alizaliwa Yerusalemu mwaka 37 BK, akaongoza wapiganaji wa Galilaya dhidi ya Warumi, akasalimu amri mwaka 67, akaishia Rumi akilishwa na makaisari. Wayahudi wenzake walimwonaje baada ya hapo, sina haja ya kuwasimulia. Mwaka 93 au 94 alimaliza kuandika kwa Kigiriki historia ya taifa lake, vitabu 20. Katika kitabu cha 18 mna aya mashuhuri kumhusu Yesu: mtu mwenye hekima, "ikiwa inafaa kumwita mtu", "huyo ndiye alikuwa Kristo", siku ya tatu akawatokea wafuasi wake akiwa hai.

Wahubiri huipenda aya hii. Mimi inanipa shida. Maneno hayo ni ya Mkristo, na Josephus hakuwa Mkristo. Origen, mwanazuoni wa Kanisa wa karne ya 3 aliyemsoma Josephus, anasema waziwazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wa kwanza tunayemwona akiinukuu aya hiyo ni Askofu Eusebius wa Kaisaria, karne ya 4, na nakala za Kigiriki tulizo nazo zilipitia mikononi mwa wanakili Wakristo, karne baada ya karne. Kizuri chajiuza, hapa naona kuna mtu aliyetembeza. Mwaka 1971 mwanazuoni Shlomo Pines alichapisha utafiti kuhusu aya hiyohiyo kwa Kiarabu, kutoka historia ya Agapius, askofu wa Manbij, mji wa Syria, wa karne ya 10. Humo sauti imetulia: wafuasi "walisimulia" kwamba aliwatokea, na "huenda" alikuwa Masihi. Wanazuoni wengi leo wanaona kiini ni cha Josephus na mapambo ni ya wanakili. Wapo wanaoikataa yote.

Sasa nendeni kitabu cha 20, mahali ambapo wahubiri hawafiki. Ni mwaka 62. Liwali Festo amefariki, mrithi wake Albinus yuko njiani. Kuhani mkuu Ananus anaona mwanya. Anaitisha baraza, anawafikisha mbele yake watu kadhaa, anawatoa wapigwe mawe. Mmoja wao ni Yakobo, na kwa kuwa Yakobo walikuwa wengi kama akina Juma wa Zanzibar, Josephus anamtambulisha: ndugu wa Yesu "aitwaye Kristo". Basi. Anaendelea na habari yake: wenye kushika sheria mjini walichukizwa, wakapeleka malalamiko kwa mfalme Agripa na kwa Albinus, Ananus akavuliwa cheo baada ya miezi mitatu.

Kesi hiyo ni ya Ananus. Yesu ametajwa ili msomaji asimchanganye Yakobo huyu na Yakobo mwingine. Mwandishi hamsifu wala hamtukani, na hata cheo hicho cha Kristo anakiweka mdomoni mwa wengine: "aitwaye". Kumbukeni pia kwamba mwaka huo Josephus alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, na mji ni wake. Nikiambiwa nichague sentensi moja tu nje ya Biblia, nachukua hii, naiacha ile ndefu.

Yohana Mbatizaji, Yahya kwa ndugu zetu Waislamu, naye amo. Jeshi la Herode Antipa lilipopigwa na Areta, mfalme wa Wanabataea, taifa jirani la Kiarabu, baadhi ya watu walisema ni adhabu ya Mungu kwa damu ya Yohana. Injili zinasema Yohana aliuawa kwa kuikemea ndoa ya Herode na Herodia, mke wa ndugu yake. Josephus anasema Herode alihofia umati ungeasi. Wengine tofauti hiyo huwatia wasiwasi. Mimi inanituliza, maana anayenakili Injili hawezi kumsahau binti wa Herodia aliyecheza ngoma.

Kwa upande wa Warumi yupo mwanahistoria Tacitus, aliyeandika yapata mwaka 116. Anasimulia moto wa Rumi wa mwaka 64, Nero akiwatwika Wakristo lawama, kisha anaeleza jina lao limetoka wapi: kwa Kristo, aliyeuawa enzi za Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Anawachukia, na kwetu chuki hiyo ni mali. Hata hivyo anamwita Pilato procurator, cheo cha liwali kilichozoeleka baadaye. Mwaka 1961 wachimbaji wa Kiitalia wakiongozwa na Antonio Frova walipata Kaisaria jiwe lililogeuzwa kuwa ngazi ya ukumbi wa michezo, lina jina la Pilato, na cheo chake humo ni praefectus, cheo cha liwali wa wakati ule. Kwa hiyo Tacitus huenda hakufungua jalada la zamani. Aliandika lililojulikana Rumi wakati wake. Nampunguzia maksi kidogo, simfukuzi.

Msiniulize kama haya yanathibitisha miujiza. Hayathibitishi, wala hayakuandikwa kwa kazi hiyo.

Kwa Mtume Muhammad (S.A.W.) hali ni nzuri zaidi kwa ukaribu wa tarehe. Padri mmoja aitwaye Thomas, akiandika kwa Kisiria yapata mwaka 640, anataja vita vya Februari 634 mashariki ya Gaza kati ya Warumi na "Waarabu wa Muhammad", na wanavijiji maskini 4,000 waliouawa: Wakristo, Wayahudi na Wasamaria. Ni miaka michache tu tangu Mtume afariki mwaka 632, na anayeandika si mfuasi, ni jirani aliyetishika. Halafu iko Vienna karatasi ya mafunjo kutoka Misri, Kigiriki na Kiarabu pamoja, ya mwaka 643. Inaanza na Bismillah na kuishia na mwaka wa 22, hesabu ya Hijra. Katikati ni stakabadhi ya kondoo 65 waliochukuliwa na askari.