Keki Kifuani

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na huyu anayehema hapa mnamjua.

KESSY: Foleni, dada. Foleni tu.

ZUHURA: Jumamosi nilikuwa kichen pati ya binti wa dada yangu. Shangazi mmoja akasimama, upawa mkononi: "Mume hanyimwi, hata mkiwa mmenuniana!" Ukumbi mzima vigelegele. Mimi namuwaza Margery Kempe.

KESSY: Hujapona wewe. Kwa wageni: Margery ni mwanamke wa Lynn, Uingereza, kazaliwa mnamo 1373. Baba yake alikuwa meya mara tano. Kazaa watoto kumi na wanne, kafungua biashara ya pombe ikafa, kaja na kinu cha kusaga cha kukokotwa na farasi, farasi wakagoma. Uzeeni akasimulia maisha yake, wengine wakamwandikia.

ZUHURA: Na alichotaka ni mumewe asimguse tena, apate kuhiji Yerusalemu akiwa na moyo mweupe. Lakini sheria ya kanisa ilisema mume na mke kila mmoja anamdai mwenzake, na nadhiri ya namna hiyo haiwekwi bila mwenzako kuridhia. Kwa hiyo lazima amuombe John. Wapo njiani wanatoka mji wa York, Ijumaa, mwezi Juni, joto. Margery kabeba chupa ya bia...

KESSY: Na John kaficha keki kifuani.

ZUHURA: Sijui kama kaificha. Ameiweka tu.

KESSY: Keki kifuani, jua la Juni! Huyo mtu alikuwa na njaa ya miaka.

ZUHURA: Keki za enzi zile zilikaribia mkate, haina krimu ya kuyeyuka.

KESSY: Basi makombo. Mtu anaambiwa hatapewa tena unyumba, shati lina makombo.

ZUHURA: Kessy. John anamuuliza: akija mtu na upanga akasema atanikata kichwa nisipolala na wewe, utaniacha nife? Margery anajibu kwamba ni afadhali John afe. John akamwambia, wewe si mke mwema.

KESSY: Na keki bado iko kifuani.

ZUHURA: Iko! Basi John anatoa masharti matatu: walale kitanda kimoja kama zamani, amlipie madeni yake yote kabla ya safari, na Ijumaa ale naye badala ya kufunga. Margery anakwenda kusali msalabani, anarudi na jibu: nitalipa, nitakula, ila kitandani kwangu usije.

KESSY: Hapo ndipo keki ikaliwa. Chini ya msalaba, na bia.

ZUHURA: Kashinda.

KESSY: Kashinda nini? Kalipa hela ili aachiwe mwili wake mwenyewe. Huo ni ununuzi.

ZUHURA: Kwa sheria ya enzi ile, mali ya mke ilikuwa mkononi mwa mume. Halafu huyo mume anamuomba mkewe amlipie madeni! Niambie nani mkubwa hapo.

KESSY: Aliyelipwa. John kaondoka hana deni, na keki kala.

ZUHURA: Margery kaondoka yuko huru, na Yerusalemu kafika.

KESSY: Na John alipozeeka, kaanguka kwenye ngazi, nani karudi kumwosha? Mteja wake.

ZUHURA: Alirudi kwa sababu aliamini Mungu kamwagiza! Linganisha na yule Alison wa Bath, mke wa kwenye hadithi za Chaucer, mshairi Mwingereza wa enzi hizo. Mume wa tano anamsomea kila siku kitabu cha wake waovu. Alison anachana kurasa tatu, anapigwa hadi sikio moja linaziba. Baadaye mume anampa mamlaka yote ya nyumba. Ila ametungwa na mwanamume. Margery kaongea mwenyewe.

KESSY: Alison alipewa utawala, Margery aliuziwa. Mimi ningechukua cha Alison.

ZUHURA: Pamoja na sikio?

KESSY: Hapo unanionea.

ZUHURA: Sikuonei, jibu.

KESSY: Sijibu. Bado ni ununuzi.

ZUHURA: Na mimi bado nasema kashinda. Fundi ananionyesha vidole viwili. Tulisema leo kuna mafunzo matatu, na Griselda, yule mke mvumilivu wa hadithi ya Chaucer, hatujamgusa.

KESSY: Dakika mbili zinatosha funzo moja.

ZUHURA: Umezimaliza kwenye keki. Griselda wiki ijayo. Tuandikieni nani kashinda.

KESSY: Mniunge mkono.

ZUHURA: Wasikuunge. Fundi, zima.